Logibuku ni safi, lakini je, ushuru ulilipwa?

Swali: "Nimeonyeshwa Range Rover Sport ya mwaka 2019, dizeli, lita 3.0, iliyotoka Uingereza. Muuzaji yuko Nairobi na anataka shilingi milioni 5.2. Kwenye yadi naona magari ya aina hiyo yanaanzia milioni 8. Anasema liliingia nchini mwaka jana kwa jina la mfanyakazi wa shirika la kigeni, ambaye amemaliza mkataba na kumwachia yeye. Nimefanya upekuzi NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya: jina kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki, ni la huyu anayeniuzia, na gari halina mkopo. Rafiki yangu ananiambia nikimbie, eti ni la magendo. Nitajuaje? Na kama kweli halikulipiwa ushuru, mimi niliyenunua kwa nia njema nina kosa gani?"

Jibu:

Kabla ya kukimbia, chukua kalamu. Gari lisilolipiwa kodi mara nyingi hujitangaza kwenye hesabu hata kabla hujafungua boneti.

Gari lililotumika likifika Mombasa, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haiishii kwenye ankara ya muuzaji wa ng'ambo. Thamani ya kutozea kodi hutokana na orodha yao ya CRSP, yaani bei ya gari jipya la modeli hiyo hapa Kenya. Bei hiyo hupunguzwa kwa uchakavu kulingana na umri wa gari, kisha hutolewa faida ya muuzaji na kodi zilizomo ndani yake. Kinachobaki ndicho thamani ya forodha. Juu yake unapakia ushuru wa forodha 35% (ulikuwa 25% hadi katikati ya 2023), ushuru wa bidhaa, VAT 16%, ada ya tamko la uagizaji (IDF) 2.5% na tozo ya reli 2%. Ushuru wa bidhaa ndio unaotofautisha magari: 35% kwa dizeli inayozidi cc 2500 na petroli inayozidi cc 3000, na 25% kwa yale yaliyo chini ya hapo lakini juu ya cc 1500.

Kodi hizi hupandiana. Ushuru wa bidhaa hukatwa kwenye thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha, na VAT hukatwa juu ya vyote hivyo pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, thamani ya forodha ya gari lako ni shilingi 3,000,000. Ushuru wa forodha ni 1,050,000, tumefika 4,050,000. Ushuru wa bidhaa wa 35% ni 1,417,500, tumefika 5,467,500. VAT yake ni 874,800. IDF ni 75,000 na reli 60,000. Kodi peke yake ni 3,477,300. Yaani kodi imeipita thamani ya gari lenyewe. Ni kama 116% yake. Gari linatoka bandarini likiwa limesimama kwenye 6,477,300, na hapo bado hujalipa ajenti, gharama za bandari wala usajili.

Sasa rudi kwenye milioni 5.2. Mtu anaweza kuuza kwa hasara: ana mgonjwa, ana deni, anahama. Lakini hasara ya zaidi ya milioni moja kwa gari lililoingia mwaka jana, tena na mtu ambaye hakukuambia ana haraka ya nini, inataka maelezo. Usitumie mfano wangu. Pakua orodha ya CRSP kwenye tovuti ya KRA, tafuta mstari wenye modeli, injini, mafuta na daraja la gari hilo hasa, maana daraja la HSE na lile la SVR haviko pamoja, kisha piga hesabu yako.

Kinachonitia shaka zaidi ya bei ni ile hadithi ya mfanyakazi wa shirika. Inataka kufungua mlango, ila inafungua mlango usio wake.

Wanadiplomasia, mashirika ya kimataifa na baadhi ya wafanyakazi wao huingiza magari kwa msamaha. Msamaha huo umefungwa kwenye mtu au shirika, haukai kwenye gari. Siku gari linapohamia kwa mtu asiye na haki ya msamaha, kodi inaamka. Mwenye gari huomba idhini ya kuliuza, na kwa wanadiplomasia njia hupitia idara ya itifaki ya Wizara ya Mambo ya Nje. Kisha forodha hulithamini upya kwa hali lilivyo wakati huo, kodi hulipwa, na ndipo nambari za CD (za kibalozi) au za shirika hung'olewa na gari kusajiliwa kama la mtu binafsi. Kwa hiyo, kama hadithi ya muuzaji wako ni ya kweli, lazima kuwe na tamko la pili la forodha lenye risiti ya malipo yaliyofanyika wakati wa uhamisho. Akisema "lilikuwa la shirika ndiyo maana ni rahisi", amekuambia bila kukusudia kwamba tamko hilo halipo. Gari la msamaha likishalipiwa halibaki na sababu ya kuwa rahisi hivyo.

Ujanja huu una ndugu zake. Kuna msamaha wa mkazi anayerejea nyumbani, ambaye anatakiwa awe amelimiliki na kulitumia gari kule alikotoka kwa miezi 12 au zaidi. Kuna wa watu wenye ulemavu. Yote ni haki halali, na yote hukodishwa: tajiri anatafuta jina la mtu anayestahili, anampa chochote, gari linaingia kwa jina hilo na kuishia kwenye maegesho yake. Anayebaki na kesi ni yule masikini mwenye jina.

Lakini search imetoka safi, utasema. Upekuzi wa NTSA unajibu maswali mawili: gari limeandikishwa kwa nani, na kuna benki inayolidai? Haukuambii kodi kiasi gani ililipwa, kwa injini ipi, kwa umri upi. NTSA husajili kwa kutegemea kile forodha ilichoandika. Kama kilichoandikwa kule ni uongo, logibuku itakuwa halisi, imetolewa na ofisi halisi, na bado inabeba uongo ule ule. Kwa hiyo, unachokitafuta ni tamko la forodha, lile ambalo watu wa bandarini huliita entri.

Kwenye entri, macho yako yaende sehemu nne.

Ya kwanza ni utaratibu wa uingizaji. IM4 maana yake gari limeingia kwa matumizi ya ndani na kodi zote zinadaiwa. IM5 ni la muda tu. IM7 limewekwa kwenye bohari ya dhamana, kodi haijalipwa bado. IM8 liko safarini kwenda nchi nyingine. Mtu akikuonyesha karatasi yenye IM8 na muhuri mzuri, muhuri huo unathibitisha kwamba gari lilipaswa kuwa Uganda au Sudan Kusini sasa hivi.

Ya pili ni msimbo wa bidhaa. Range Rover ya dizeli ya lita 3.0 ina cc 2993, kwa hiyo inaangukia 8703.33.90, ambako ushuru wa bidhaa ni 35%. Ile ya petroli ya lita 3.0 ina cc 2995. Imekwepa mstari wa 3000 kwa cc tano tu, inaangukia 8703.23.90 na kulipa 25%. Ile ya kuchaji kwa umeme, P400e, ina injini ya petroli ya lita 2.0 na msimbo unaoanza na 8703.60. Magari yote haya kwa nje yanafanana kama mapacha. Hapo ndipo penye pesa. Kwa ule mfano wetu wa milioni tatu, ukiandika petroli badala ya dizeli kodi inashuka kutoka 3,477,300 hadi 3,007,500. Ni 469,800 zilizookolewa kwa kubadilisha neno moja, na hapo hatujagusa CRSP, ambayo nayo huenda ikawa tofauti kwa toleo lile.

Mchezo huu haukuanza na Range Rover. Kwenye Prado za Japani unachezwa kwa herufi mbili. Chesisi inayoanza na TRJ150 ni petroli ya lita 2.7, cc 2693, ushuru wa bidhaa 25%. GDJ150 ni dizeli ya lita 2.8, cc 2754, na kwa kuwa ni dizeli iliyovuka 2500 inalipa 35%. Ukiona entri imeandikwa TRJ na chini ya boneti kuna injini yenye maandishi 1GD, yaani ile ya dizeli, mtu amekula tofauti. Vivyo hivyo kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 200: huko Japani iliuzwa kwa petroli tu. Ukiambiwa VDJ200, ile V8 ya dizeli, "imetoka Japani na cheti cha Japani", cheti hicho kina la kujibu, maana VDJ iliuzwa masoko mengine kama Australia na Ghuba.

Ya tatu ni tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango, na umri huo ndio pia unaopunguza kodi. Basi tarehe inavutwa huku na huku: mwenye gari kuukuu anaisogeza mbele ili liingie, na mwenye gari jipya anairudisha nyuma ili alipe kidogo. Cheti cha kufutiwa usajili cha Japani hutumia pia miaka ya mfalme. Enzi ya Heisei iliisha tarehe 30 Aprili 2019, ikafuata Reiwa. Gari linalodai kusajiliwa mwezi wa nane wa mwaka Heisei 31 lilisajiliwa katika mwezi usiokuwapo. Waghushi wengi hawajui hilo, kwa vile huandika wakitazama kalenda ya ukutani kwao.

Ya nne ni chesisi na jina la mwagizaji. Nambari ya chesisi ilinganishwe na gari herufi kwa herufi, na PIN ya KRA ya mwagizaji iwe ya mtu anayejulikana kwenye mlolongo wa mauzo. Kwako wewe, kama gari liliingia kwa jina la mfanyakazi wa shirika, jina lake liwepo.

Muuzaji akikupa nakala ya entri, usiishie kuisoma. Karatasi huchapishwa mtaani River Road, Nairobi, kwa dakika kumi. Chukua nambari ya entri na ya chesisi, na mwambie ajenti wako wa forodha, si wake, aziangalie kwenye mfumo wa forodha wa iCMS: je, entri hiyo ipo, ni ya gari hilo, na malipo yaliingia? Thibitisha kwanza kwamba ajenti ana leseni ya KRA ya mwaka huu. Ukitaka uhakika wa kiofisi, andika barua kwa forodha ukitaja chesisi na uombe uthibitisho wa hali ya kodi. Siku utakazosubiri ni chache kuliko za kufuatilia gari lililovutwa.

Kuhusu magari ya safarini, sitakaa sana maana muuzaji wako hakudai hivyo. Gari linashushwa Mombasa kwenda Kampala, Juba, Kigali au Goma kwa dhamana bila kulipa kodi ya Kenya. Njiani linapotea, na karatasi zinaonyesha lilivuka mpaka. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda hutumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo kwa kufuli za kielektroniki, na hilo limewabana wenye makontena kuliko wenye magari yanayoendeshwa kwa dereva. Wasomaji wa Tanzania wanazijua hizi kama gari za IT, zile zinazotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, Malawi au Kongo. Ujanja wa kuzirudisha nyuma ni ule ule. Kuna pia magari yenye nambari za nchi jirani yanayolala Nairobi mwaka mzima kwa kibali cha muda kilichoisha. Ukinunua moja ya hayo umenunua kodi yote kwa ukamilifu wake.

Kuna jambo jingine la gari la Uingereza, nalo ni zito kuliko kodi: huenda ni la wizi. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia Lexus iliyoibwa kwao kwa kifaa chake cha kufuatilia, ikapitia Mombasa, wakaikuta Uganda pamoja na magari mengine zaidi ya ishirini ya kifahari. Mwaka 2019 KRA ilikamata bandarini Mombasa kontena lenye Range Rover Sport tatu zilizoibwa Uingereza. Hati zilisema ni vyombo vya nyumbani vilivyotumika, vinaelekea Kampala. Tazama namna kosa la kodi na la wizi linavyolala kitanda kimoja. Gari la wizi haliwezi kutajwa kama gari, kwa hiyo linatajwa kama sofa na friji, na sofa hazilipi ushuru wa Range Rover. Magari halali yaliyotumika kwa kawaida husafirishwa kwenye meli za magari, yakiendeshwa kuingia na kutoka. Gari ghali lililokuja kontenani si kosa, ila uliza hati ya shehena ilisema nini.

Kwa hiyo, nenda ukaliangalie. Nenda mchana, gari likiwa limepoa.

Anza na chesisi. Land Rover ina nambari ya tarakimu na herufi 17, inayoonekana kupitia kioo cha mbele chini kwenye kona, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, na iliyogongwa kwenye chuma. Zote zifanane. Sport ya kizazi hicho huanza na SALWA. Ukikuta SALGA hiyo ni Range Rover kubwa. Herufi ya kumi ni mwaka wa modeli: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020. Lakini usimshike mtu uongo kwa herufi hii peke yake, kwani gari la modeli ya 2019 linaweza kuwa limetoka kiwandani katikati ya 2018. Kisha mwambie fundi achomeke mashine yake kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia kompyuta ya gari, asome nambari iliyo ndani ya kompyuta ya gari. Kibandiko hubandikwa kwa gundi na chuma hukatwa na kuchomelewa, lakini kompyuta nyingi za gari wezi hawakumbuki kuzibadilisha zote. Gusa chuma palipogongwa nambari: rangi mpya, mikwaruzo ya tupa au mshono wa welding chini ya zulia ni dalili za gari lililovishwa utambulisho wa jingine, kwa kawaida lile lililopondeka likauzwa na bima kama chakavu.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Chini kabisa, karibu na unapofungwa, kuna kitambaa kidogo chenye tarehe ya kutengenezwa. Angalia yote, mbele na nyuma. Mkanda mmoja wenye tarehe tofauti unaweza kuwa ulibadilishwa baada ya ajali. Mikanda yote ikisema 2016 na gari linadai 2019, huhitaji maelezo zaidi. Tairi zina tarakimu nne za wiki na mwaka, ila tairi hubadilishwa, kwa hiyo usizitegemee.

Kwa mafuta: fungua kifuniko cha tangi usome. Dizeli ya Sport ya 2019 hutumia pia AdBlue, yenye kifuniko chake cha bluu. P400e ina tundu la kuchajia lililofichwa kwenye grili ya mbele. Entri ikisema P400e na grili haina tundu, mnajua wote wawili kilichofanyika.

Omba funguo mbili. Gari hili hutoka kiwandani na mbili, na wezi wa Uingereza wengi huchukua gari kwa kunasa mawimbi ya ufunguo kisha wakaprogramu mmoja mpya. Ufunguo mmoja tu hauthibitishi wizi, watu hupoteza. Ila uongeze kwenye mizani.

Halafu omba nambari yake ya Uingereza. Wakati mwingine imechongwa kwenye kona za vioo, ndogo sana, na mtu aliyebadilisha pleti alisahau kubadilisha vioo. Ukiwa nayo, ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, huduma ya DVLA, wakala wao wa usajili wa magari, bila malipo: itakuonyesha mwezi wa kusajiliwa mara ya kwanza, ukubwa wa injini, mafuta, na kama gari limetiwa alama kwamba limesafirishwa nje ya nchi. Ukikuta dizeli cc 2993 pale na petroli kwenye entri, shauri limekwisha. Ukikuta alama ya usafirishaji inasema hapana, muulize mwenye gari aliondokaje nalo. Ukurasa wa MOT, ukaguzi wao wa kila mwaka wa ubora wa gari, utakupa kilomita za kila mwaka, au tuseme maili, ambazo hazihusu kodi lakini zinahusu bei. Kwa wizi, ofisi ya DCI, idara ya upelelezi ya polisi, inaweza kuilinganisha chesisi na kanzi ya Interpol ya magari yaliyoibwa. Nenda mwenyewe, usimtume dalali.

Na tazama pleti za Kenya. Zilitolewa kwa mfuatano. Gari la 2019 lenye KBX, herufi zilizotolewa miaka kadhaa kabla, limevaa nguo ya marehemu.

Sasa upande wako wa sheria. Kinachotawala ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika Kenya, Uganda, Tanzania na wenzao. Kwa anayetoa tamko la uongo, kifungu cha 203 kina kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Kifungu cha 200 ndicho kinachokuhusu wewe: kinamgusa pia anayenunua au kuwa na bidhaa isiyolipiwa ushuru, akijua au alipopaswa kujua. Adhabu yake ni hadi miaka mitano jela, au faini ya nusu ya thamani ya kutozea kodi, au vyote viwili. Yale maneno, alipopaswa kujua, ndiyo hatari yako. Nia njema hupimwa kwa kilichokuwa mbele ya macho yako. Wewe umeona bei imeshuka karibu theluthi, rafiki amekuonya, na umeniandikia. Mwendesha mashtaka hahitaji zaidi ya hapo.

Na hata ukiepuka mashtaka, gari haliepuki. Bidhaa isiyolipiwa ushuru hukamatwa popote ilipo, kwa yeyote aliye nayo. Likikamatwa unapewa notisi, na una mwezi mmoja wa kulidai kwa maandishi. Ukikaa kimya linahesabiwa limetaifishwa. Deni la kodi lililopunjwa kwa kawaida hudaiwa ndani ya miaka mitano, lakini palipo na udanganyifu kikomo hicho hakikulindi. Kamishna anaweza kukubali kumaliza kosa nje ya mahakama kwa malipo, na wengi huishia hapo: wanalipa kodi, riba na faini juu ya bei waliyokwisha kumlipa muuzaji. Kwa gari la mfano wetu, ile milioni 5.2 inakuwa milioni 8.7 kabla ya riba na faini, na hapo unaendesha gari lenye faili forodhani.

Kama bado hujatoa hata shilingi, mpe muuzaji wiki moja akuletee nambari ya entri, risiti ya malipo, cheti cha ukaguzi wa gari kabla ya kusafirishwa, hati ya shehena, na ile idhini ya uhamisho kutoka kwa mwenye msamaha. Gari lililoingia mwaka jana kihalali lina karatasi hizi. Hata kama yeye hana, ajenti aliyelitoa bandarini anazo. Malipo yapitie benki, kwa jina lililo kwenye logibuku, na mkataba useme wazi kwamba muuzaji anathibitisha kodi zote zimelipwa, na kwamba ikigundulika vinginevyo atarudisha pesa yote pamoja na gharama. Kifungu hicho hakitazuia KRA kulivuta gari, ila kitakupa kitu cha kwenda nacho mahakamani. Gari halihamishwi kwenye akaunti yako ya NTSA mpaka majibu ya forodha yafike mkononi.

Kama tayari ulitoa arubuni, idai kwa maandishi leo, ukitaja kwamba muuzaji hakuonyesha uthibitisho wa kodi. Usikubali kupunguziwa bei zaidi badala ya karatasi. Na ukitaka kuripoti, KRA ina njia ya siri inayoitwa iWhistle. Mtoa habari ambaye taarifa zake zimeleta kodi iliyokusanywa hulipwa 5% yake, isiyozidi shilingi milioni 5.